Waya wa Saba wa Job Omondi

Job Omondi amekuwa fundi wa umeme wa magari pale Rangwe kwa miaka kumi na tisa, na kwa maneno hakuna aliyemshinda. Kila aliyekalia benchi lake amesikia somo lile lile: soketi ya trela ina pini saba, na pini ya athi, inayorudisha umeme kwenye betri, lazima ipate waya wake. Mafundi wengi wa huku huuacha waya huo. Husema chuma kimegusa chuma, umeme utarudi wenyewe kupitia ndoano ya kuvutia trela. Job aliwaita wachinjaji.

Lakini mganga hajigangi. Ijumaa moja ya Agosti aliingia Teresa, mwenye kukodisha hema na viti, na pikapu yake ikivuta trela mpya. Alikuwa akipeleka viti kwenye matanga Ndhiwa, na maiti ilikuwa imeshatoka mochari kuelekea huko.

"Fundi, nifungie hizo taa haraka," alisema. "Watu wa matanga hawangoji, na wazee hawawezi kukaa kwa nyasi."

Waya mweupe, ule wa athi, ulikuwa umemwishia Job. Duka la vipuri lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua hamsini hivi. Akafunga nyaya sita, akamwambia Teresa akanyage breki, taa zote zikawaka. Huo wa saba angeufunga Jumatatu. Uvivu wa hatua hamsini, hakuna jina lingine!

Jioni hiyo, giza likianza kuingia, mwendesha boda aitwaye Bravin aliigonga trela ile kwa nyuma kabla tu ya Ndhiwa. Alifia hapo hapo. Teresa aliapa kwamba taa zilikuwa zikiwaka, maana aliziona kwa macho yake akitoka Rangwe.

Jumanne Job aliitwa kituo cha polisi amwonyeshe mkaguzi kazi yake; Teresa alikuwa ameitwa pia, pikapu na trela yake zikiwa uani. Valary, mjane wa Bravin, alikuwa amesimama ukutani. Kama taa hazikuwaka, mumewe alikufa bila kosa. Kama ziliwaka, basi alijiua kwa mbio, na watoto wake watatu wangekua wakiambiwa hivyo.

Taa moja ilikuwa imesagika. Teresa alipokanyaga breki, Job akiwa amesimama kando ya trela, ile nyingine ikawaka vizuri, kwa kuwa trela ilikuwa imetulia na chuma kimekalia chuma. Alijua kilichobaki. Teke moja tu, trela itikisike kama inavyotikiswa na barabara, na taa ingezimika mbele ya wote. Mguu wake hata uliinuka kidogo. Kisha akafikiria selo, akafikiria benchi lake, akaogopa. Sitampamba: aliogopa, akaurudisha mguu chini.

"Fundi, iko sawa?" mkaguzi aliuliza.

"Iko sawa, afande."

Mkaguzi akaandika.

Valary aliitazama ile taa nyekundu. "Kila siku nilikuwa namwambia apunguze mwendo," alisema. Akamwendea Teresa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi kwa trela iliyobonyea. Halafu akamgeukia Job, akamnyooshea mkono yeye pia.

"Pole, baba," alisema. "Umeacha kazi yako ukaja hapa juu yetu."

Job akaupokea.