Vidonge Nilivyoviacha Mwezi wa Ramadhani

Asalaam aleikum. Naitwa Somoe, mwenyeji wa Faza. Mkufunzi wenu aliponialika alinisihi nizungumze kwa upole, maana nyinyi wauguzi na matabibu mmetoka mbali na mmechoka. Nikamjibu kwamba mimi pia nimechoka. Basi nitasema nilivyoyaona, na atakayekereka akereke.

Kabla ya maradhi nilikuwa mpishi wa mikate ya mofa. Kwa nyinyi mliotoka bara, mofa ni tanuri la udongo lenye umbo la mtungi. Unawasha moto ndani, kisha unaingiza mkono na kubandika unga ukutani. Nilikuwa na mume, Athmani, fundi wa mashine za boti, na binti yetu Rukia, aliyekuwa bado ananyonya. Mdomo pia nilikuwa nao, kama mnavyosikia.

Maradhi yalianza kidogo kidogo. Nilikuwa nikiganda na donge la unga mkononi, watu wananiita, sisikii. Nikizinduka naulizwa, "Somoe, wamuwaza mume?" Tunacheka sote. Kisha nikaanguka harusini, katikati ya wanawake. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka kuamka: ulimi nimeuuma, damu mdomoni, nguo imelowa mkojo, na wanawake wote wamejibana mlangoni, wamekunja buibui zao zisinifikie. Binamu yangu alikuwa akipiga kelele, "Musimguse! Mate yake yaambukiza!" Mmoja tu ndiye aliyejitia ushujaa, naye akanisokomeza mpini wa mwiko kinywani. Jino hili la mbele liliondoka siku hiyo.

Tangu hapo nikatengewa kikombe changu na sahani yangu. Nyumbani kwangu mwenyewe! Nikasomewa dua, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, na hilo silijutii. Dua naipenda hata leo. Lakini niliendelea kuanguka, mara mbili, mara tatu kwa wiki.

Ndipo nikaenda zahanati moja, sitaitaja. Nilimweleza mhudumu habari ya kuanguka, mkojo na ulimi. Alianza kuandika kabla sijamaliza. "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni," akasema. Nikamuuliza, "Daktari, ni maradhi gani haya?" Akajibu, "Wewe kunywa dawa tu, mama. Mwingine!"

Nikanywa. Na dawa ilifanya kazi, lazima niseme haki. Miezi minne sikuanguka. Rukia akaanza kutembea, akawa ananifuata jikoni ameshika leso yangu.

Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama. Hebu niambieni, hata nyinyi msiofunga: kidonge cha mchana nikinywe vipi? Sikuambiwa kwamba mgonjwa kama mimi akiacha dawa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu. Sikuambiwa kwamba iko dawa ya kunywa mara moja kwa siku. Na mavyaa wangu, mama wa Athmani, alikuwa amekuja kutoka Ndau kufunga nasi, akinikodolea macho kila nikisogelea mtungi wa maji. Niliona haya. Nikavitia vidonge kabatini, vyote, nikafunga kama watu.

Siku ya tisa, alasiri, nilikuwa nabandika mikate ya futari. Nilizinduka nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Ilikuwa nyama yangu. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia ndani ya mofa hadi kwenye kiwiko. Walionitoa walinivuta kwa upindo wa leso, wasiniguse mwili, na ngozi ikabaki ukutani pamoja na mkate. Rukia alikuwa amesimama kando, analia.

Kwetu husemwa kwamba mwenye kifafa akishaungua moto, haponi tena. Mavyaa hakuniuliza kama nina maumivu. Alimwinua Rukia, akambeba. "Mwate mwana, aketi na mimi," akasema. "Wataka kumtia motoni na yeye?" Nilimtazama Athmani. Athmani alitazama miguu yake. Kesho yake binti yangu alipandishwa boti kwenda Ndau, nami niko mkekani, mkono umevimba, unatoa maji, siwezi hata kumpungia. Niliwachukia wote. Hata sasa nawachukia kidogo, Mungu anisamehe.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja, Karisa, aliyekuja kunisafisha kidonda. Yeye alikuwa amepata mafunzo kama haya yenu. Siku ya kwanza, akibandua bendeji, aliniuliza: "Bi Somoe, dawa ya kuanguka ulikunywa lini mara ya mwisho?" Nililia kuliko nilivyolia kwa kidonda. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza swali la maana.

Akaketi chini, akanieleza kwamba kifafa ni maradhi ya ubongo, mate hayaambukizi, na kuungua hakumzuii mtu kupona. Akazungumza na daktari mwingine kwa simu, nikabadilishiwa dawa: kidonge kimoja, kila usiku baada ya swala ya tarawehe. "Na Ramadhani ikiisha usikatishe," akasema. "Kunywa wakati ule ule." Kisha akamwita Athmani, akamlaza sakafuni amfundishe. "Akianguka, ondoa moto na visu. Mgeuze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Kaa naye mpaka azinduke." Athmani alilala pale ubavu na ndevu zake, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mwanangu aondoke.

Huu ni mwaka wa pili sijaanguka, alhamdulillahi. Vidole viwili havikunjiki, kwa hiyo mimi nakanda na Athmani ndiye anayebandika. Karisa, Mungu akulipe. Lakini msinipigie makofi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Rukia yuko Ndau mpaka leo.

Nimekwenda mara nne kumchukua. Mavyaa hunipa chai katika kikombe cha peke yangu, kisha husema, "Mwana hapandi boti na mtu wa kuanguka." Nikimweleza maneno ya Karisa, hunijibu: "Mimi nilimuuliza daktari wako alokupa zidonge. Menambia kwa kinywa chake, kifafa kikishaungua hakiponi." Safari ya mwisho, mwanangu aliniamkia vizuri sana, akaniita shangazi.

Nasaha yangu kwenu ni fupi. Mgonjwa mwambieni jina la ugonjwa wake. Muulizeni anafunga lini, anapika wapi, anaishi na nani. Na msilolijua, semeni hamlijui, kwa sababu maneno yenu watu huyabeba kwa miaka.

Sasa nazungumza na wewe, bwana wa mstari wa tatu. Jina lako silitaji, wewe unajijua na mimi nakujua. Ni wewe uliyeniandikia vile vidonge, na ni wewe uliyemjibu mavyaa wangu. Wiki nzima umefundishwa humu kwamba ulikosea. Sitaki uniombe radhi, sina pa kuiweka radhi yako. Mavyaa haniamini mimi, wala hamwamini Karisa. Anakuamini wewe. Boti ya Ndau inaondoka baada ya swala ya adhuhuri. Utapanda nami, uketi mbele ya bibi yule, umwambie kwa kinywa kile kile kwamba ulisema uongo. Rukia anakaribia miaka minne, nami nataka leo alale kwangu.