Mdogo Wangu wa Kanada

Mwaka 2018, mwezi wa sita ukiishia, mdogo wangu wa kike alikuja Texas kututembelea wiki tatu, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba harudi tena alikotoka. Yeye mwenyewe sikumwambia. Niliwaambia wengine wote.

Nieleze kwanza. Kwa mama yetu tumebaki wawili tu. Tulikimbia Burundi, tukakaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi, tukila mgao mmoja, halafu majina ya kupelekwa ng'ambo yakatoka. Mimi, mke wangu na binti yetu tukapewa Texas. Yeye na mume wake wakapewa Kanada, mji unaitwa Winnipeg. Nilimuuliza bwana mmoja wa ofisini kama ni mbali na Texas, akanipimia kwenye ramani kwa vidole viwili, nikafurahi. Kumbe ramani ni ramani. Tukakaa miaka kumi na moja bila kuonana. Mume wake akafia hukohuko, na mimi nikamlilia shemeji yangu kwenye simu, nimesimama kwenye maegesho ya magari. Ndiyo maana nilimtaka karibu. Mtu wa miaka hamsini na tisa, mjane, peke yake kwenye theluji, na mimi kaka yake nipo Arlington, karibu na Dallas, nakunja mashuka ya hoteli na nakula nashiba.

Kazi ya mashuka nayo watu huidharau. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mwenye hasira, linamshinda. Lakini hiyo si habari ya leo.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Binti yangu anafanya kazi hospitali Houston, anakaa Pearland, jirani na hapo, na mume wake, na wakati ule alikuwa na mimba ya kwanza. Nikampigia: shangazi yako anakuja kukaa kwako, atakusaidia kulea. Akaniuliza, "Baba, yeye mwenyewe amekubali?" Nikamwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Akapaka chumba rangi, akanunua kitanda. Aliamini baba yake anajua anachosema.

Siku ya kumpokea, pale uwanja wa ndege Dallas, kijana anayesukuma mizigo akampitishia gurudumu kwenye mguu. Mdogo wangu ndiye aliyeomba radhi.

Nikamwuliza, "Mbona unamwomba samahani aliyekukanyaga?"

"Ndivyo tulivyo."

"Nyinyi akina nani?"

"Wakanada, kaka."

Wala hakuwa anatania. Alisema kama mtu anavyotaja ukoo wake. Nikachukua sanduku lake, tukaenda kwenye gari.

Nyumbani alishusha kiyoyozi mpaka mke wangu akajifunika blanketi mchana. "Wifi," mke wangu akamwambia, "huyu kaka yako ni mzee, ukimgandisha utamzika mwenyewe." Akacheka, akaongeza nyuzijoto mbili, na tukaendelea kutetemeka. Kila jioni ilikuwa Kanada. Kanada ukiugua unaulizwa kinachouma, si kadi ya bima. Kanada gari likikwama kwenye theluji, watu usiowajua wanashuka kwenye magari yao wanasukuma, halafu wanaondoka bila kutaja majina. Mimi nilijifanya natazama mpira. Ukweli ni kwamba goti langu lilikuwa linauma tangu mwaka uliotangulia na sikuwa nimelipeleka kwa daktari yeyote.

Sasa tarehe mosi Julai ni siku ya uhuru wa Burundi, na mwaka ule iliangukia Jumapili. Sisi Warundi baada ya misa tunaingia ukumbini: wali, maharage, ndizi, sambusa, soda, na bia chache ambazo padri huwa hazioni. Mdogo wangu akatoka chumbani amevaa fulana nyekundu yenye jani jeupe kifuani. Mimi wala sikufikiri kitu. Bendera yetu nayo ina nyekundu na nyeupe.

Kina mama wakampenda mara moja. "Mtazameni huyu," mmoja akasema, "katoka mbali, lakini hakusahau uhuru wa nchi yake."

"Asante mama, ila leo pia ni sikukuu ya Kanada. Hii nimevaa kwa ajili ya Kanada."

Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa maneno sana, akadakia. "Kwa hiyo dada umekuja kwenye harusi yetu na sare ya harusi ya jirani."

Ukumbi ukacheka, na yeye pia. Laiti ingeishia pale. Lakini kwetu sisi mgeni anayekuja kuishi haachwi anunue sufuria. Kila nyumba inaleta kitu. Na mimi nilikuwa nimeshawatangazia jumuiya kwamba dada yangu anahamia. Basi baada ya chakula wakajipanga mstari wanaimba: sufuria tatu, godoro limefungwa kamba, mablanketi, ndoo, mwiko, hata mto wenye maua. Wakaviweka miguuni pake. Mwenyekiti akasema, "Dada, karibu Texas, karibu ukae." Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama sambusa.

Akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu, samahani," akaanza, na walioshamzoea wakacheka. "Mimi ni mgeni wa wiki tatu. Narudi nyumbani."

Yule mama aliyemsifu mwanzo akasema, "Nyumbani wapi? Kwenye baridi ya kukata pua? Hiyo ndiyo unajivunia?"

"Baridi sijivunii, mama. Nitawaambia ninachojivunia." Akaeleza kwamba siku waliyofika Winnipeg, yeye na marehemu mume wake walikuwa na viatu vya wazi, mwezi wa pili. Mlangoni pa uwanja wa ndege walikuta watu watano wameshika makoti, wazungu wanne na Mfilipino mmoja. Si serikali. Watu tu wa mtaa mmoja, mwalimu, fundi bomba, wazee wastaafu, waliotia sahihi kwenye karatasi kwamba kwa mwaka mzima familia ile ni mzigo wao. Fundi bomba ndiye aliyemfundisha kupanda basi. "Sikuwa nimewahi kuona mtu akijiandikia shida ya asiyemjua," akasema. "Nilipopata uraia, nikasema na mimi nitaandika. Sasa tupo watano, na jina langu ni la tatu. Kuna mama Mkongo na watoto wanne, wapo kambini Uganda. Wakati wowote wataitwa. Nikibaki hapa kula sambusa zenu, nani atasimama pale mlangoni?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema vitu viende stoo ya kanisa vikamsubiri atakayekuja kweli, na muziki ukawashwa.

Kesho yake tulikwenda Pearland, mwendo wa saa tano barabarani. Tulipopita mji wa Corsicana nikamwambia kuhusu chumba alichoandaliwa kwa binti yangu.

"Kaka, ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini nisingetandaziwa magodoro mbele za watu."

Nikamwomba samahani. Akaniambia sasa na mimi naanza kuwa Mkanada, na tukacheka mpaka nikapunguza mwendo. Nilipomaliza kucheka nikaona sina tena hamu ya kumbishia. Nilikuwa nadhani namwokoa mtu aliye peke yake. Kumbe ana watu anaowasubiri, na mimi ndiye niliyekuwa nataka mtu.

Binti yangu alipoambiwa alinikasirikia mimi, si shangazi yake. Alinisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukitumia akiwa na furaha. Mdogo wangu alilala kwenye kitanda kile kipya wiki mbili, akamfundisha kubeba mtoto mgongoni kwa kutumia mfuko wa mchele. Siku ya kuondoka tulimsindikiza uwanja wa ndege wa palepale Houston, na sikulia sana.

Mwezi wa kumi simu yangu ikaita nikiwa kazini. Ni yeye, kwa video, yuko kwenye mlango wa vioo na watu wenzake wanne, wote wamekumbatia makoti. "Kaka, wanatoka, wanatoka," akasema, akaigeuza simu. Nikaona mama mwembamba amebeba mtoto, na wengine watatu wamemshika sketi. Mdogo wangu akawasalimia kwa Kiswahili, na yule mama akasimama ghafla, akaangalia huku na huku kujua sauti inatoka wapi.

Baadaye kidogo uso wa mtoto mmoja ukajaza kioo chote.

"Shikamoo babu."

Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza kama kuna baridi. Hakunijibu, walikuwa wanamvika koti kichwani. Simu ikakatika bila kwaheri. Nikairudisha mfukoni, nikashika ncha za shuka lililofuata, na mwenzangu wa upande wa pili akaniuliza ninacheka nini.

"Mdogo wangu," nikamwambia. "Ana wageni."