Jibu la Saba

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba ukimjibu mtu mwenye maradhi ya kusahau swali lile lile mara saba, usahaulifu wake unakuhamia wewe. Aliniambia kinyozi wangu wa mtaa wa Shika Adabu, akaapa wallahi huku wembe uko shingoni mwangu. Ungekuwa wewe ungebisha?

Siku hizo zahanati yetu ya Likoni ndiyo kwanza imeanzisha asubuhi za wazee wanaosahau. Sharti lilikuwa moja: kila mzee na mhudumu wake, yule yule kila siku. Mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni ambacho nadhani hata samaki wa kivukoni wameshakisoma, nikakabidhiwa bibi mmoja aliyepika mahamri ujana wake wote.

"Mwanangu, watoto washatoka skuli?" akaniuliza. Watoto wenyewe wana wajukuu.

"Bado, bibi. Kunywa uji, watakukuta papa hapa."

Hiyo moja. Nilihesabu kwa vidole. Ikifika ya sita natoka mbio, namwachia mpishi. Mpishi akichoka, mfagiaji. Kufikia saa nne bibi keshakaa na nusu ya Pwani, na uji umeganda kikombeni.

Wiki nzima pale kwetu hakutia kitu kinywani. Binti yake, muuza mboga, akaja uso umemshuka. "Ikiwa hapa pia hataki kula, kesho nakaa naye nyumbani. Kibanda nakifunga, nitafanyaje?"

Muuguzi mkuu akanigeukia. "Ewe, huyu bibi si wako? Mbona namwona na kila mtu ila wewe?"

Nikamweleza habari ya jibu la saba, kwa utulivu, kama daktari kwa daktari mwenzake. Akacheka hadi akaishika meza. Kisha akanivuta mkono, akanikalisha mbele ya bibi.

"Watoto washatoka skuli?"

"Bado, bibi."

La sita. La saba! Jasho lilinitoka pipa zima. Kwenye la tisa bibi akanitazama usoni, akanitazama tena, akakivuta kikombe, akanywa. Binti yake akashusha pumzi.

"Maradhi haya hayaambukizi," muuguzi akaniambia. "Anauliza kwa sababu ana hofu. Akiona sura ngeni kila saa hofu inazidi, chakula hakipiti. Wewe kaa naye, umjibu."