Siku Tuliyokwenda Kutazama Nyumbani

Harufu ya maganda ya kahawa yanayovunda kwenye baridi hunisimamisha popote nilipo. Nimeikuta Mbinga, nimeikuta Tarime, katika kuzunguka kwangu kusikoisha, na kila mara pua ikishaipokea miguu hugoma. Kwangu mimi hiyo si harufu ya kahawa. Ni harufu ya Kalinzi, asubuhi moja ya kipupwe, nikiwa na miaka minane hivi, nyuma ya pikapu ya Sadiki.

Tulikuwa wakimbizi, tumejibanza kwa ndugu wa mama pale Rusimbi, mjini Kigoma. Siku hiyo baba alitangaza kwamba tunakwenda kutembea milimani. Kutembea! Mama alinivalisha gauni la kanisani, na juu yake sweta la mtumba lililonifika magotini, nikajiona mtu. Sadiki, jirani yetu Mha aliyekuwa akifuata maharage Mnanila, alitupakia bila kinyongo.

"Leo nimebeba watalii," alisema. "Mama Goreti, mnakwenda kuona sokwe, au mnaukimbia ugali wa muhogo?"

"Sokwe tunaye hapa, anaendesha gari," mama alimjibu, nao wakacheka. Sikuwa nimemsikia akitania kwa muda mrefu.

Barabara ilipanda ikijipindapinda. Nyuma yetu ziwa lilizidi kushuka, likapauka, mwishowe ukungu ukalimeza. Kalinzi tulisimama, baba akaninunulia hindi la kuchemsha. Nililificha ndani ya sweta likanipasha tumbo kwanza, ndipo nikalila. Nilitaka kujua kila kitu: kwa nini migomba ya huku ni minene, ukungu hulala wapi mchana, mawingu yakigongwa na gari yanaumia? Baba alikuwa akitazama mbele, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali.

Tulipoipita Mnanila, Sadiki alisimamisha gari ukingoni mwa mteremko. Ng'ambo ya bonde ilikuwa Burundi. Hapo ndipo nilipojua tulichokuwa tumefuata. Sogokuru, ndivyo tulivyomwita babu kwa Kirundi, alikataa kukimbia pamoja nasi. Alisema ng'ombe wake hawajui ukimbizi. Tangu tumwache hatukuwa tumepata habari zake. Kilima chetu kilikuwa kile chenye jiwe jeupe ubavuni.

"Tukiona moshi," baba alimwambia mama, "mzee yupo."

Tukasubiri ukungu ufunguke. Upepo ulipenya sweta kama vile sikuvaa kitu, na mama alijifunika kitenge mpaka puani. Ulipofunguka, mimi ndiye niliyeona kwanza, maana macho yangu yalikuwa bado mapya. Moshi! Tena si mmoja, ilikuwa mitatu. Mmoja ulitoka nyumbani kwetu, na miwili ilitoka kwenye vibanda vya bati jipya vilivyosimama pale lilipokuwa zizi. Ng'ombe sikuona hata mmoja.

"Sogokuru amejenga!" nilipiga kelele. "Ana wageni! Wanapika!"

"Basi tuwaite watuwekee na sisi," Sadiki alisema akicheka, kisha akamwona mama, akarudi kwenye gari.

Mama alikuwa ameketi chini, kwenye umande, na kitenge chake kizuri. "Yoo," alisema, mara moja tu, kwa sauti ndogo.

Nilimvuta baba mkono. "Baba, si ana wageni?"

"Ego, mwanangu," aliitikia. "Wamejaa."

Nikawapungia mkono wale wageni mpaka ukungu ulipofunga tena.

Wakati wa kushuka, mama alikaa mbele na Sadiki. Mimi niliimba. Tulipofika Kalinzi baba aliomba gari lisimame, akaingia kwenye shamba la mtu, akatoka na miche ya migomba. Nilidhani ni zawadi ya matembezi.

Nyuma ya jiko pale Rusimbi tulikuwa tukipanda mchicha na maharage tu, vitu vya msimu mmoja, kwa sababu baba alikuwa akisema msimu unaofuata hautatukuta. Jioni hiyo alichukua jembe, akaanza kuchimba mashimo hata shati zuri hajavua. Mama alisimama mlangoni.

"Unapanda mgomba?" aliuliza.

Baba hakuinua kichwa. "Shika huu, nifukie."

Mama hakusogea. Nikaenda mimi. Niliushika wima kwa mikono miwili, huku nikiendelea na wimbo wangu, naye akafukia, akashindilia kwa mguu.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watoto wenzangu kuhusu nyumba yetu yenye wageni. Migomba ilizaa, tukala, lakini mama hakuwahi kuonja hata ndizi moja. Nilikuwa mtu mzima, mbali na Kigoma, nilipoelewa kwamba wale hawakuwa wageni, na kwamba jioni ile tulikuwa tukimzika Sogokuru. Hatukuwa na mwili wake, wala mahali pa kuuweka. Tulikuwa na yale mashimo, na aliyeimba mazishini nilikuwa mimi.