Aliyezisemea Picha

Elinipendo hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Hata kanisani pale Njoro huchagua mwisho wa benchi, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka mguu wake unaanza kucheza wenyewe. Mume wake, Emilian, mtu wa Kigoma aliyekuja Moshi kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, alishaacha kumwambia atulie. Anasema ni sawa na kumwambia mto utulie.

Alizaliwa Old Moshi, kwenye kihamba cha kahawa na migomba, katika familia ya Kilutheri ambayo burudani yake kubwa ilikuwa kwaya. Sinema alionyeshwa na shangazi yake Eliza, aliyekuwa fundi cherehani mjini. Jumapili moja, baada ya ibada, Eliza alimshika mkono akampeleka kwenye ukumbi wa sinema. Siku hizo Moshi ilikuwa na ukumbi hasa, wenye viti vya kukunja na pazia zito, na mwanga uliotoka kwenye tundu la ukuta wa nyuma ukiwa umejaa vumbi linaloelea. Picha ilikuwa ya Kihindi. Hakuna aliyejua lugha ile, lakini hakuna aliyenyamaza pia. Watu waliimba, walipiga miluzi, walimwonya shujaa ageuke. Nyuma ya Elinipendo bwana mmoja alikuwa anawaeleza wenzake kinachoendelea, na alikuwa anakosea.

“Huyo ni dada yake,” alisema yule bwana.

Elinipendo akasimama juu ya kiti, akageuka. “Si dada yake, ni mchumba! Dada gani anaimbiwa namna hiyo?”

Ukumbi uliangua kicheko. Shangazi akamvuta sketi akae, lakini mtoto alishaonja kitu. Njia nzima ya kurudi mlimani aliisimulia ile picha, kila mtu na sauti yake, mpaka Eliza akamwomba apumzike.

Ukumbi ule ulikufa polepole. Deki za video zilipoingia, watu wakaanza kutazama picha majumbani. Viti vikachanika, pazia likaliwa na panya, mwishowe mlango ukafungwa na ndani yakapangwa magunia ya saruji. Picha hazikufa, zilihamia kwenye vibanda umiza. Cha Njoro kilikuwa cha Jovin: chumba cha mabati, mabenchi membamba yaliyoumiza kweli, na TV moja juu ya rafu. Elinipendo, akiwa ameolewa na ana mimba, aliuza vitumbua mlangoni.

Picha nyingi zilikuwa za ngumi na zilizungumza lugha za mbali, kwa hiyo kila kibanda kilikuwa na mtu wa kutafsiri kwa maiki. Wa Jovin aliitwa Primus. Jumamosi moja Primus hakutokea. Alikuwa amehamia Arusha kimya kimya kurekodi kanda zilizotafsiriwa. Chumba kimejaa, watu wanagonga mabati. Jovin akatoka nje anafuta jasho.

“Nipe maiki,” Elinipendo akamwambia.

“Dada, hii ni picha ya ngumi.”

“Nimeisikia kupitia haya mabati tangu asubuhi. Nipe, au wote hawa wanaondoka.”

Alipoanza tu, mtu wa benchi la mbele akapaza sauti: “Mwanamke atapiganaje?”

Elinipendo akamjibu kwa sauti ya jambazi, nzito, iliyotoka chini ya tumbo: “Wewe wa mbele, ukiuliza tena nashuka kwenye hii TV nakufuata!”

Kuanzia hapo chumba kilikuwa chake. Alimpa bosi wa majambazi lafudhi ya mzee wa Kibosho. Bibi muuza supu akawa mama wa Himo anayegombana juu ya mkungu wa ndizi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, Kichina hakujua hata neno, na pale asipojua alitunga bila kusita. Emilian, aliyekuwa akija kumsindikiza nyumbani, alikaa nyuma akacheka mpaka machozi. Kindness alipozaliwa, watu walisema mtoto yule ametoka anapiga ngumi. Wakaacha kumwita Elinipendo, wakamwita Mama Kindness, na kwa miaka mingi jina hilo lilijaza mabenchi.

Kisha mambo yakageuka tena. Picha zikaanza kuuzwa zikiwa zimeshatafsiriwa, halafu zikaingia kwenye flashi, halafu kwenye simu, kila mtu na yake mfukoni. Jovin akafunga king'amuzi.

“Mama Kindness,” alimwambia akitazama pembeni, “watu wanataka mpira. Na mpira una mtangazaji wake.”

Miaka iliyofuata ilimtesa. Alifuga kuku, akawachoka. Alinunua cherehani, akaikimbia. Alichuuza parachichi Himo, akawa anagombana na wateja kwa kukosa tu mtu wa kuzungumza naye. Emilian alipoleta ng'ombe wa maziwa akidhani atampa utulivu, alimkuta zizini anamsemea ng'ombe: mara analalamika juu ya majani, mara anajijibu. Emilian alicheka, lakini usoni mwa mke wake hapakuwa na kicheko.

Mwaka jana ukafunguliwa ukumbi mdogo wa sinema mjini, ghorofani. Kindness, ambaye sasa anafanya kazi kwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani, aliona hiyo ndiyo zawadi ya kumpa mama yake. Waliingia. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, viti vipana na harufu ya bisi, na watu wamekaa kama wako kwenye mtihani. Kulia kwa Elinipendo alikaa mzee mwenye koti zito, Mzee Eliamini wa Old Moshi, aliyeletwa na wajukuu.

Picha ilikuwa ya Kiingereza, ya mama anayemtafuta mtoto wake kwenye mafuriko. Mzee akainama. “Amesema nini?”

Elinipendo akamnong'oneza. Mzee akauliza tena, naye akamjibu tena. Halafu sauti ikapanda yenyewe. Mama wa kwenye picha alipoita, Elinipendo aliita. Askari alipofoka, alifoka. Nyuma yao watu wakaanza kusema “shii,” mpaka dada wa mlangoni akaja na tochi.

“Mama, samahani. Watu wanataka utulivu.”

“Utulivu? Kwenye sinema?” Elinipendo aliuliza kwa mshangao wa kweli. Alitazama nyuso zilizomgeukia, akainuka, akatoka.

Kindness alimkuta kwenye ngazi. “Mama, umeniaibisha. Mle ndani kuna wateja wangu.”

“Yule mzee hakuwa anaelewa.”

“Si kazi yako!”

“Basi kazi yangu ni ipi, Kindness? Niambie. Ni kuku?”

Mlango ukafunguka, Mzee Eliamini akatoka na mkongojo wake.

“Shikamoo, mzee,” Elinipendo akasema, akifuta macho haraka.

“Marahaba. Wewe mama, umeniacha kwenye mafuriko. Yule mtoto amepatikana?”

“Sijui, mzee. Wamenitoa kabla.”

“Mimi nimebaki naona midomo tu.” Akakaa kwenye ngazi. “Nimalizie.”

Akammalizia kwa kubuni, amesimama, mikono inapaa. Waliokuwa wanapanda ngazi wakasimama wasikilize. Kindness, aliyekuwa amekunja mikono, aliikunjua bila kujua.

Wiki chache baadaye Kindness aliazima projekta ofisini, na Mzee Eliamini akatoa ua wake, pale anapoanikia kahawa. Walitundika shuka jeupe ukutani mara jua lilipozama. Majirani wakaja na vigoda vyao, na pamoja nao waongoza watalii kadhaa waliokuwa mapumzikoni. Picha ilikuwa ya watu wanaopanda mlima wa barafu, na hao waongozaji hawakunyamaza hata kidogo.

“Kamba ile haijafungwa!” alipiga kelele mmoja wao, Julius. “Ataua mtu huyo!”

Katikati ya picha ukungu ukashuka. Uliingia kwenye migomba, ukajaza ua, ukameza shuka lote. Mwanga wa projekta ukaishia hewani, weupe mtupu. Kindness akakimbilia kuzima.

“Acha!” Elinipendo akasema, na akaendelea.

Ndani ya ukungu ule sauti yake ilipumua kwa shida kama mtu aliye juu sana. Julius akasimama. “Rudi chini wewe! Mlima hauhami!”

“Nirudi?” ikajibu sauti ya mpandaji. “Mke wangu nitamwambia nini?”

“Mwambie uko hai!” akapaza sauti mama mmoja upande wa jikoni.

Wakabishana naye, naye akawajibu kila mmoja, mpaka mpandaji akakubali kugeuka. Watu wakapiga makofi kwenye ukungu, wakaondoka wakiendelea kubishana.

Wakikunja nyaya, Kindness akamsogelea mama yake. “Mama, mimi picha ile naijua. Yule mtu anafika kileleni.”

“Najua. Niliitazama jana.”

“Sasa?”

“Julius alikuwa anamwogopea kweli.”

Huo haukuwa mwisho wa mahangaiko yake. Walianza kuzunguka vijijini na projekta, na Himo upepo ulichana shuka. Kijiji kimoja mvua iliwafukuza kabla picha haijaanza, kingine walikuja watu wa kujaza benchi moja tu, na alirudi nyumbani hasemi na mtu. Kesho yake aliamka anamuuliza Emilian habari za kambi ya wakata miwa.

“Kule kuna watu wa kila mkoa,” Emilian akamwonya. “Utawasemea kwa lugha gani?”

“Nitajua nikifika,” akajibu. Bodaboda ilikuwa imeshafika mlangoni, naye alikuwa anamfokea dereva aifunge spika vizuri kwenye kiti cha nyuma.