Tone la Maji Juu ya Mashine Yangu

Jamani, ngojeni nijicheke mwenyewe kwanza, maana aibu ya siku ile mpaka leo nikiikumbuka naangalia chini.

Ilikuwa enzi za ruksa, Sumbawanga imejaa mitumba na redio za kila namna, nasi watu wa mazoezi ya viungo hospitalini tukaletewa msaada wa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ambayo unampaka mgonjwa mafuta halafu unazungusha kichwa cha mashine panapouma, taa nyekundu inawaka, mgonjwa anajiona kafika Ulaya. Nikaihodhi. Wenzangu wakaniita Bwana Mashine, na mimi (mjinga wa watu) nikavimba.

Ndipo akaja dada Tumaini kutoka Mbeya kuwa mkuu wetu, mdogo kwangu kabisa, na swali lake lilikuwa moja tu: "Umejuaje?" Ukisema mgonjwa ana nafuu, umejuaje, umepima? Kila Ijumaa anatusomea utafiti wa wenzetu, kisha anatugawia futikamba za fundi cherehani tupime mikono inainuka kiasi gani. Nikanuna. Miaka yote nashika migongo ya watu, leo nifundishwe na futikamba?

Nikaamua kumkomesha. Ijumaa moja, mbele ya mganga mfawidhi, matroni na wauguzi, nikamsimamisha Mzee Sichone, aliyekuwa akija kwa basi kutoka Laela kila wiki kwa ajili ya bega, na hamu yake ilikuwa kushika jembe tena kabla ya mvua. Nikatangaza, "Ushahidi wangu huyu hapa!"

"Sawa, kaka," akasema dada Tumaini. "Shikamoo mzee, naomba inua mkono."

Mkono ukaishia kifuani. Dada akapima, akafungua daftari lake la vipimo: palepale pa siku ya kwanza. Nikaanza kujitetea, oo, ugonjwa sugu, oo, baridi ya huku kwetu, na yeye wala hakubishana, akawasha mashine, akakigeuza kile kichwa cha mashine juu na kukidondoshea maji. "Ikiwa nzima, maji yatatetemeka."

Taa inawaka, maji yametulia tuli. Ilipofunguliwa, kumbe waya wa ndani ulikuwa umekatika, tangu lini hakuna ajuaye.

"Kwa hiyo siku zote hizi, mwanangu," akauliza Mzee Sichone, "ulikuwa unanipapasa tu?"

Matroni alicheka mpaka akashika ukuta! Natamani ardhi ipasuke. Asiyecheka ni dada Tumaini peke yake. "Hata mimi sikuijaribu tangu nije," akasema mbele ya wote. "Kosa ni letu." Nilimheshimu pale pale, na sijaacha.

Akamfundisha mzee kupandisha vidole ukutani, kazi ya kupima akanipa mimi. Mvua za kwanza zilimpita, jembe akashikiwa na mkewe, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Kisha siku moja, akiaga, akanyoosha mkono uleule akatungua kofia yake kwenye msumari wa juu, wala mwenyewe hakugundua.

"Mzee, umepona!" nikapiga kelele.

Akaivaa kofia taratibu, akanitazama. "Umejuaje?"

Nikaenda kutafuta futikamba.