Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Kaunta buku jipya lina harufu yake. Ukilifungua mara ya kwanza linanuka gundi na karatasi, na kwa watu wengine hiyo ni harufu nzuri tu ya mwezi wa kwanza, watoto wanaanza shule. Mimi siipendi.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu hapa Kalangalala binti mmoja wa chuo kikuu. Mpole, kanisalimia shikamoo kwa goti kabisa, akaweka kaunta buku lake mezani na simu ya kurekodi pembeni. Anasoma mambo ya lugha na mila. Akasema, "Mama Neema, nimeambiwa wanawake wa Kisukuma hawataji majina ya wakwe zao. Naomba unieleze." Akafungua ukurasa wa kwanza. Ile harufu ikanijia, na hasira ya karibu miaka arobaini ikapanda nayo. Yule binti hakunikosea kitu. Hasira ilikuwa kwa mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alinipaka samli mpaka miguu inang'aa, akanibebesha ufagio, yeye akabeba jembe, maana ndivyo shule ilivyotaka, tukatoka kijijini asubuhi kwenda kuniandikisha darasa la kwanza. Foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu alikaa barazani na meza yake, na juu ya meza daftari kubwa jipya. Nikapimwa umri: nikapitisha mkono juu ya kichwa nikashika sikio la upande wa pili. Likashikika. Nikajiona mkubwa jamani, nikacheka peke yangu.

"Jina la mtoto?" mwalimu akauliza.

"Kabula," mama akajibu.

"La baba?"

"Masanja."

"La babu?"

Mama akanyamaza.

Nieleze kidogo hapa. Kwetu mwanamke akishaolewa, jina la baba mkwe wake haliingii mdomoni mwake mpaka anakufa. Siyo kwamba amekatazwa kwa fimbo, ni heshima, kama vile usivyoweza kuingia kanisani na jembe begani. Jirani yetu alikuwa na mtoto mwenye jina lile lile la babu, basi mama alikuwa akimwita "yule wa pale mbuyuni" mpaka mtoto mwenyewe akazoea kuitika hivyo. Na mgeni akitaka kulijua hilo jina, mama anamwomba mtu yeyote aliye karibu amtajie. Kijijini kila mtu anaelewa, wala hakuna anayeshangaa. Lakini siku ile foleni ilijaa wageni waliofuata dhahabu, watu wa kila mahali, na wa kwetu hakuwepo hata mmoja.

"Ni baba yake na Masanja," mama akasema.

"Huyo nimemwelewa. Anaitwa nani?"

"Ni babu yake na Kabula."

Watu wakaanza kucheka. Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mama, nakuuliza jina, wewe unanizungusha. Huyo Masanja ana baba, au alidondoka tu kutoka juu?"

Mama akapiga goti, macho chini, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema, "Samahani mwalimu. Jina lipo. Mimi siwezi kulitoa. Aulizwe mtu mwingine."

Nyuma yetu mwanaume mmoja mwenye vumbi la machimbo mpaka kwenye kope akapaza sauti: "Mwalimu, usimsumbue shemeji! Huko machimboni akina Masanja wako wengi, atajua ni yupi?"

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Mama akageuka akaniangalia. Mara moja tu. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu, samli yote imeshika mavumbi.

Mwalimu akaandika huku akisema kwa sauti, kila mtu asikie: "Baba, hajulikani."

Baba yangu siku hiyo alikuwa hai, mzima, yuko chini ya ardhi kwenye duara, shimo la dhahabu, anachimba tupate kula! Aliporudi baada ya miezi miwili alikwenda shule, kavaa shati lake la misa, akajitambulisha kwa majina yote. Akajibiwa daftari la shule halikwanguliwi. Akarudi nyumbani, akakaa mlangoni hadi chakula kikapoa.

Basi kila asubuhi mwalimu alikuwa anaita: "Kabula Hajulikani!" Darasa linacheka, mimi naitika "nipo." Nikaitika hivyo mpaka darasa la nne. Siku moja sikuitika. Nikachapwa. Kesho yake nikachukua jembe nikaenda shambani na mama, na shule ikaishia hapo. Nilikuja kuirudia mtu mzima, Neema yuko sekondari, nikikaa jioni benchi moja na vijana wa bodaboda.

Mama alimwombea yule mwalimu kwenye rozari yake mpaka anaingia kaburini. Mimi pia nasali, kila siku ya Mungu. Nasema Baba Yetu vizuri kabisa mpaka nafika pale pa kuwasamehe waliotukosea, hapo ulimi unakuwa mzito. Mungu ananijua, sitamficha.

Na liko jambo ambalo nilichelewa kulielewa. Kwa miaka mingi nilidhani mama aliniangalia pale barazani kwa sababu ya aibu. Nilipoolewa na mimi, nikampeleka Neema zahanati, nikaulizwa jina hilo hilo la babu, ndipo shingo yangu ikageuka yenyewe kumtafuta mtoto. Mjukuu hakatazwi kumtaja babu yake. Mama alisema aulizwe mtu mwingine, na mtu mwingine alikuwa mimi, nimeshika kanga yake. Nilikuwa nalijua. Nkwabi. Neno moja tu. Mama hakuwahi kunilaumu, hata kwa utani.

Lakini sitambebesha mtoto wa miaka saba mzigo wa mtu mzima mwenye kalamu. Mwalimu aliambiwa jina lipo. Aliambiwa siwezi kulitoa. Alishindwa nini kuuliza "kwa nini"? Leo watu wanasomea chuo kikuu ili waje kuuliza hilo hilo, wanarekodi, wanashukuru, wanasema ni utajiri. Siku ile ulikuwa ujinga wa mama yangu!

Yote hayo nilimwambia yule binti, na sauti yangu haikuwa ndogo. Akaandika, kisha akauliza taratibu, "Na wewe mama, baba mkwe wako anaitwa nani?"

Nikageuka. Neema alikuwa anaingia na chai. Akaweka sinia chini, akasimama wima, akalitaja jina la babu yake, lote kamili, bila kumumunya. Mimi hapa silileti, mtanisamehe.

Binti akaandika.

"Soma ulichoandika," nikamwambia. Akasoma. Lilikuwa sawa.

"Haya. Sasa andika na hili: mama yangu naye alikuwa analijua la baba mkwe wake."